Sauti Isiyotembea

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwetu Lipangalala, hapa Ifakara, hata majirani wanajua kwamba jambo likikaa vibaya nitalisema mimi kabla wengine hawajamaliza kukohoa. Kwa hiyo nikisema kuna neno moja nililinyamazia siku tatu nzima, tena neno la mtoto wa mdogo wangu wa tumbo moja, wanaonifahamu huguna tu. Wanadhani natania. Sitanii, na nimechoka kulibeba.

Kila mwaka mpunga ukianza kutia maziwa, sisi tunahama. Nyumba ya mjini inabaki na mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti na hawezi kuacha kazi yake. Mimi nachukua chandarua, sufuria mbili, ndoo, unga, chumvi na watoto wowote ambao shule zao zimefungwa, tunakwenda hadi karibu na Mbingu, kisha tunateremka bondeni kwa miguu mpaka shamba alilotuachia marehemu baba. Huko tunaishi kwenye dungu, kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo. Ukikaa juu yake unaliona shamba lako lote, na kwa mbali unaona madungu ya wenzako, kila moja na moshi wake. Tunakaa hapo mpaka tuvune.

Kazi yenyewe ni kuamia ndege. Wale ndege ni wadogo, ukimshika mmoja anaenea kiganjani, lakini wakishuka kundi zima kwenye mpunga mbichi, chai haijachemka wamekwisha kukuachia makapi. Basi kuanzia alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, halafu tena alasiri mpaka giza linaingia, bonde zima ni makelele. Watu wanapiga madebe, wanavuta kamba zenye makopo, wanarusha udongo kwa makombeo. Zaidi ya yote wanapiga kelele. Mtu anatembea kandokando ya shamba lake huku anapaza sauti, na anayepaza zaidi ni mtoto, maana mtoto hachoki wala haoni haya.

Tena kuna utaratibu wetu ambao hakuna aliyeuandika. Mwenzako akipiga kelele, unamwitikia. Hata kama ndege hawako upande wako, unamrudishia sauti. Wazee wetu walifanya hivyo ili mtu asipitiwe na usingizi, na ili mtoto aliyewekwa mwisho wa shamba asijione kaachwa peke yake. Sisi tulikua hivyo, mimi na mdogo wangu. Yeye alikaa huku, mimi kule, tunaitikiana mpaka koo zinakauka. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Baba alikuwa akisema huyu akipiga kelele hata ndege wa shamba la jirani wanaondoka, na jirani mwenyewe alikuja kumshukuru.

Mdogo wangu huyo sasa yuko Dar es Salaam, anashona nguo kwenye kibanda chake. Ana mtoto mmoja tu, wa kike. Mwaka ule mtoto alikuwa na miaka kumi na alikuwa hajawahi kulala shambani hata siku moja. Mama yake akanipigia simu, akasema, dada, likizo ya mwezi wa sita namleta huko, akajue kwao. Huku anajua katuni tu. Nikamwambia mlete, nitakurudishia mtu mwingine kabisa.

Nilimpokea stendi ya Ifakara. Akanipa shikamoo kwa sauti ndogo mpaka nikainama kuisikia. Viatu vyeupe, nywele zimesukwa vizuri, begi lina picha ya maua. Mume wangu akaniangalia, akacheka, akasema huyo utarudi naye kesho kutwa. Nikamwambia wewe chomelea mageti yako.

Siku za mwanzo sitaki kusema uongo, zilinitia hasira. Mtoto hapigi kelele. Ndege wanashuka, yeye anasimama pembeni ya mpunga, anapunga mkono na kusema kwa adabu, “Ondokeni.” Nilimwambia, mama, ndege hawa hawaombwi radhi. Nikamwonyesha namna ya kuvuta pumzi kutoka tumboni. Akajaribu, ikatoka sauti ya mtu anayeita mhudumu dukani. Watoto wa madungu ya jirani wakawa wanamwiga na kumcheka, naye akawa anajificha nyuma yangu. Nikamgombeza. Nikamwambia mama yako akiwa na umri wako alikuwa anasikika mpaka ng’ambo, wewe umetoka wapi? Maneno hayo nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu.

Kilichomfungua ni Jumapili. Siku hiyo baada ya ibada kwenye kigango, watoto wa madungu huwa hawarudi moja kwa moja. Mto ukishapungua, maji hubaki kwenye madimbwi huko mbugani, na samaki wanabaki ndani yake wakihangaika. Watoto wanaingia wote, wakubwa kwa wadogo, na vikapu na vipande vya vyandarua vilivyochakaa, wanakoroga tope mpaka samaki wanakuja juu wenyewe. Sisi watu wazima tunakaa kwenye majani makavu, tunawachunga na kupiga soga. Nilidhani yule wa Dar atakaa nasi na viatu vyake vyeupe. Alikaa kidogo. Halafu akavivua, akavipanga vizuri pembeni, akaingia.

Alitoka na tope hadi kwenye masikio, amekumbatia kambare mmoja mkubwa kwa mikono miwili, na kambare anampiga mkia kifuani. Akapiga ukelele! Haki ya Mungu, niliusikia mwilini. Ulikuwa ukelele wa mdogo wangu mtupu. Wale waliokuwa wanamcheka wakamshangilia, na njia nzima ya kurudi wakawa wanashindana naye nani ana sauti kubwa. Tulikula kambare yule na ugali, mtoto anasimulia alivyomkamata, anasimulia tena, anaongeza chumvi, mpaka akalala na tonge mkononi. Nami nikalala na furaha.

Tangu siku hiyo alipiga kelele kuliko wote. Wiki ya tatu aliniomba nimpe upande wa mwisho wa shamba akaushike peke yake. Upande ule una kichuguu, na karibu na kichuguu tulikuwa tumetundika debe. Siyo mbali. Ukianza kuimba wimbo mmoja wa kanisani huku ukitembea, unafika kabla ya ubeti wa mwisho. Mpunga ulikuwa mrefu, kwa hiyo akienda kule simwoni, namsikia tu. Nikamkubalia. Alikwenda siku ya kwanza, akaenda ya pili, mambo safi. Anapiga debe, anapaza sauti, mimi namwitikia kutoka dunguni, “Hapohapooo! Ongezaaa!” Naye anaongeza.

Upande ule tulipakana na mama mmoja Msukuma. Yeye na watu wake walihamia bondeni na ng’ombe wao miaka ya karibuni, wakalima pia. Mwaka uliotangulia ng’ombe wake waliingia kwenye mpunga wangu, na ingawa aliomba msamaha, mimi nilikuwa bado namjibu salamu kwa midomo ya juujuu. Hasira zangu hazina akili, zikikaa zimekaa.

Siku ya tatu kulikuwa na ukungu. Mtoto alitoka mapema na kandambili zake miguuni. Mimi nilikuwa na mabuti ya mvua, yeye yalikuwa yanampwaya. Nikabandika chai, kisha nikapanda dunguni maana simu inashika mtandao ukiwa juu tu. Mdogo wangu alipenda kunipigia saa ile kabla hajafungua kibanda chake. Akaniuliza kama kawaida: hasumbui? Halii kutaka kurudi? Hajaumwa malaria? Nikamwambia, alie? Huyu? Subiri kwanza.

Na kweli sauti ikaja, kutoka kule mwisho wa shamba. Kali, ndefu, inapanda. Kwa umbali ule husikii maneno, unasikia sauti tupu. Nikainua simu juu, nikainyoosha kuelekea huko, nikamwambia, “Msikilize mwanao.”

Mdogo wangu akacheka. Alicheka mpaka nikasikia anavuta kamasi, analia na kucheka pamoja. Akasema huyo ni mimi kabisa, dada, huyo ni mimi. Nami nikaitikia kwa nguvu zangu zote, huku nimeshika simu, “Hapohapooo! Ongezaaa!” Sauti ikaja tena, ndefu zaidi. Nikaitikia tena. Ikaja ya tatu. Mdogo wangu akasema basi mwache afanye kazi, tukaendelea na habari zetu: mwenye nyumba wake aliyemsumbua, nguo za kipaimara alizopewa kushona, mpunga utatoka magunia mangapi. Nyuma ya mazungumzo yetu sauti iliendelea, na sisi tukaacha kuisikiliza, kwa jinsi mtu anavyoacha kusikiliza mvua.

Tulipomaliza kulikuwa kimya. Nikajua ndege wameondoka. Nikashuka, nikamimina chai, nikamtengea yeye kiazi kikubwa kuliko changu, kwa kuwa alikuwa amekipata kwa jasho lake. Nakumbuka nilikuwa napuliza chai nilipomwona yule mama Msukuma anatokea kwenye mpunga, anakuja mbiombio, na mgongoni amembeba mtoto kwa kanga.

“Mayu,” aliniambia, yaani mama kwa lugha yao, “mtoto ameumwa na nyoka.”

Unajua nilijibu nini? Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba ananidanganya, kwamba mtoto alikuwa anafukuza ndege sasa hivi, nimemsikia mwenyewe. Yule mama hakubishana nami. Alimshusha mtoto, nikauona mguu. Kifundo kilikuwa kimekwisha kuvimba, na damu ilikuwa inatoka polepole kwenye matundu mawili karibu na vidole. Baadaye, wakati mwanawe anawasha pikipiki, alinieleza. Alisema naye alidhani ni ndege. Lakini anayefukuza ndege huwa anatembea, sauti yake inakwenda huku na huku, na ile ilikuwa haitembei. Ilikaa mahali pamoja. Akasema ndama akilia mahali pamoja, wao wanajua amenasa. Na debe, akasema, halikulia hata mara moja.

Hata mara moja. Mimi niliyezaliwa kwenye madungu, sikulitambua hilo.

Alikuwa kifutu, yule nyoka mnene asiyekimbia mtu akija. Alikuwa amelala njiani kwenye ukungu, na mtoto akamkanyaga. Tulipanda pikipiki, mwana wa yule mama mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Njia ya kutoka bondeni ina mashimo na tope, kila tukirushwa mtoto anaguna. Nilikuwa namsalia Bikira Maria kwa sauti, nachanganya maneno. Tulipofika barabarani, pikipiki ikaanza kwenda vizuri, mtoto akaegemeza kichwa kifuani kwangu na kusema kitu. Sikusikia kwa upepo. Nikainama.

“Nilikusikia unaniitikia, mama mkubwa,” alisema. “Nikajua unakuja.”

Nilimbana tu ili asianguke, na mimi nisianguke.

Hospitalini walimpokea haraka, sina la kulaumu. Dripu, sindano, vitambaa, maswali. Daktari alisema sumu imekwisha kupanda na lazima wangoje waone. Mguu ulivimba hadi juu ya goti, ngozi ikabadilika rangi. Waliniambia wazi kwamba kuna vidole huenda visipone, na kwamba bado hawawezi kusema kuhusu mengine. Nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia nyoka, nilimwambia hospitali, nilimwambia panda basi. Alilia, kisha akaniuliza, ilikuwa saa ngapi? Nikamjibu, asubuhi. Akasema, ina maana baada ya sisi kuongea. Nami nikasema, eeh.

Hilo “eeh” ndilo lilikuwa uongo wangu wa kwanza.

Alifika kesho yake jioni, vumbi limemjaa kichwani. Mtoto alikuwa amelala, homa inapanda na kushuka, hatambui vizuri. Mdogo wangu alimshika mkono, akamwangalia muda mrefu, kisha akageuka kunikumbatia. Akasema, “Dada, asante. Usingekuwepo wewe ningemzika mwanangu.” Nilisimama na mikono yangu inaning’inia. Nilitaka aninase kibao, na alikuwa ananishukuru.

Kisha akaanza kusimulia. Alimsimulia mama wa kitanda cha jirani, ambaye mwanawe alikuwa na degedege. Akasema jana asubuhi tu, huyu mtoto alikuwa mzima, nimemsikia kwa simu anafukuza ndege. Mtoto wa Dar, hebu fikiria! Alipiga kelele za furaha hizo, mpaka nililia. Alikuwa anaisimulia kama mtu anayejifunika blanketi. Nilimwona anapata nguvu kidogo kila akifika mahali pale. Kesho yake alimsimulia nesi. Alimsimulia mume wake kwa simu, kwa sauti kubwa, hapo kwenye korido: walau dakika zake za mwisho kabla ya nyoka alikuwa na furaha, mume wangu, nilimsikia kwa masikio yangu.

Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nashika tama.

Nilijiambia namhurumia. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba alichokisikia ni mwanawe anayeomba msaada, na kwamba yeye alicheka. Mzazi gani anaweza kuishi na kitu hicho? Nikajiapiza nitakibeba mimi peke yangu, nikajiona nina moyo mkubwa. Lakini nikiwa mkweli, usiku nilipokuwa macho kwenye mkeka chini ya kitanda, nilichokuwa nakiogopa siyo maumivu yake. Nilikuwa naogopa uso wake atakapoacha kunishukuru. Mara mbili nilifumbua kinywa. Mara ya kwanza nesi aliingia, mara ya pili hakuingia mtu, nikakifumba mwenyewe. Tena nilikuwa naomba yule mama Msukuma asije kumjulia hali mtoto, maana yeye angesema. Mtu aliyemwokoa mtoto wetu, mimi naomba asije!

Siku ya tatu tangu mama yake afike, mtoto aliamka vizuri. Homa ilikuwa imeshuka. Daktari alisema mguu utabaki, ila vidole viwili vya mwisho havitapona. Mdogo wangu alilia na kumshukuru Mungu hapohapo, kisha akaletewa uji, akaanza kumlisha mtoto kwa kijiko. Saa ya kuona wagonjwa wakaja akina mama wa jumuiya yangu kutoka Lipangalala, watatu, na machungwa na chupa ya chai. Waliposali na kukaa, mmoja akasema pole sana mama, imekuwaje?

Mdogo wangu akaweka kijiko kwenye bakuli. Akaanza tangu mwanzo. Safari hii alikuwa na furaha, kwa hiyo alisimulia vizuri zaidi: mtoto wa Dar anayewaomba ndege waondoke, kambare, tope masikioni. Alipofika kwenye simu, akaiga ile sauti, siyo kwa nguvu maana tulikuwa wodini, lakini aliiiga sawasawa, jinsi inavyopanda. Akina mama wakacheka. Wakanigeukia, wakasema kumbe mmerithi koo. Nikacheka na mimi. Nilicheka nao.

Mtoto alikuwa anamwangalia mama yake.

“Mama,” alisema, “siku ile sikufukuza ndege.”

“Ulifukuza, mwanangu. Umesahau kwa homa. Nilikusikia kwenye simu ya mama mkubwa.”

“Nilikuwa sijafika kwenye debe. Aliniuma njiani.”

Alisema bila ubaya wowote, kama anavyosahihishwa mtu aliyekosea siku ya wiki. Kisha akafungua mdomo angojee uji. Akina mama wa jumuiya wakaanza kutazama machungwa. Mdogo wangu alichukua kijiko, akakijaza, akamlisha. Akamlisha tena. Alimlisha mpaka bakuli likaisha, akamfuta mdomo, akawashukuru akina mama kwa kuja, akawasindikiza hadi mlangoni. Ndipo akaniambia, dada, njoo nje kidogo.

Tulisimama barazani, karibu na mahali watu wanapoanika nguo za wagonjwa. Hakunitazama.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu analetwa dunguni. Na kwenye pikipiki aliniambia mwenyewe.”

Akatikisa kichwa polepole. Nilianza kujieleza. Nilisema mdogo wangu, sikutaka uumie, kule shambani kelele ni kelele, hata wewe unajua, ungekuwa wewe ungeitikia vilevile. Maneno yalinitoka mengi, mimi nina mdomo, nimeshasema. Akayangoja yaishe yote.

“Zile kelele tulizisikia wote wawili,” alisema. “Wewe uliitikia, mimi nilicheka. Kwa hilo sikulaumu, nitajilaumu mwenyewe nikiwa peke yangu. Lakini siku tatu, dada. Siku tatu unanisikiliza nawasimulia watu. Na leo umecheka.”

Alifungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni, akarudi ndani kwa mwanawe.

Walikaa hospitalini wiki kadhaa, kisha akamchukua wakarudi Dar. Mtoto anatembea, anachechemea kidogo tu, na shuleni wanasema anakimbia na wenzake. Yule mama Msukuma nilikwenda kwake kumshukuru, nikampigia magoti kabisa, na sasa tunalima tukisaidiana. Mdogo wangu na mimi hatujagombana. Hajawahi kunitukana wala kunisema kwa ndugu. Kila Jumapili ananipigia, ananipa shikamoo, anaulizia hali ya shemeji yake, halafu anampa mtoto simu. Mtoto anapenda kuongea na mimi. Ananiulizia kambare, ananiulizia wale wenzake wa madunguni, ananiambia ya darasani, tunacheka. Ila mama yake haendi mbali. Siku hizi huweka simu kwenye spika, anakaa palepale, na kila ninaponyamaza nasikia cherehani imesimama, anasikiliza ninachomwambia mwanawe, neno kwa neno.